Nguo Mbili, Kibanio Kimoja

Pittsburgh, 8 Februari

Dada Verna,

Kama Atlee yuko hapo jikoni, ikunje kwanza barua hii uisome akienda kukamua. Hamna siri ya kuua mtu humu, ila najua mumeo akiuona mwandiko wangu chakula hakimshuki.

Mimi mzima. Bado nashona mapazia ya jumba la michezo ya kuigiza, na Joanie bado anaunguza mayai kila asubuhi na kusisitiza kwamba ndivyo yanavyopikwa. Kwenye barua ya Krismasi uliniuliza kama huyo Joanie ni mpangaji mwenzangu tu. Si mpangaji mwenzangu tu, Verna. Ulijua ulipouliza.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kuna mama mmoja hapa, Bi Corrine, ana ukumbi wa kuonyesha kazi za mikono. Alikuja kwangu kuchukua mapazia, akaviona viraka vyangu nilivyovibana ukutani kwa pini. Alisimama mbele yavyo hadi nikadhani anatafuta makosa. Amenipa ukuta mzima mwezi wa Septemba. Ukuta mzima, mimi niliyeishia darasa la nane kama sisi Waamishi wote, watu wa kanisa la kale la mashambani.

Uso wa mfarishi nitakaoutundika hapo, lile blanketi la viraka, nimeumaliza. Pembeni ni vipande vya umbo la almasi, vile vile alivyotufundisha mama, kwa rangi za kwetu: nyeusi, buluu nzito, kijani cha giza. Katikati nimeweka kamba ya kuanikia, na kwenye kamba magauni mawili, la kijani na la zambarau, yamekutana begani na kushikwa na kibanio kimoja. Hakuna mtu ndani yake wala sura. Hata Askofu Dannie hawezi kusema nimechonga sanamu.

Kilichobaki ni kushonea tabaka zote tatu pamoja: uso, pamba na kitambaa cha chini. Naweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Sitaki. Nataka mama ndiye aushone.

Nasema wazi ili usijifanye hukuelewa. Miaka minne tangu nitengwe na kanisa, kila nilichomtumia kimerudi na kamba yake haijafunguliwa, shali, sabuni, hata miwani. Sheria naijua: aliyetengwa hapokelewi kitu kutoka mkononi mwake. Lakini mimi nimejijua nilivyo kwa sindano, si kwa mdomo. Sijawahi kumwambia mama kwamba napenda wanawake. Niliondoka kabla sijalitamka, na kila nikijaribu kuliandika naishia kugombana naye kichwani mwangu. Mfarishi huu ndio maneno yangu. Nataka mkono wake upite juu yake, basi. Nisaidie.

Mdogo wako,
Saloma

* * *

Plum Run, 21 Februari

Saloma,

Bomba la maji limeganda, ng'ombe amezaa pacha, na Atlee amejigonga nyundo kwenye kidole gumba, analalamika kuliko yule ng'ombe. Hizo ndizo habari njema.

Wewe una wazimu. Nimesema na nimemaliza.

Haya, sijamaliza. Nimelala na barua yako chini ya godoro na haikuniacha. Mama hawezi kuushona akijua ni wako, hilo lisahau. Ataukunja, ataurudisha, halafu atakaa kimya hadi mavuno, na mimi ndiye nitakayekula naye huo ukimya. Lakini kila majira ya kuchipua watu wa nje huleta nyuso za mifarishi kwetu, nasi wanawake tunakaa kwa mama tunawashonea. Huu ukija kwa jina la huyo Bi Corrine wako, ni kazi ya mteja wa mjini kama nyingine. Nani atauliza?

Usiniambie ni uongo. Najua ni nini. Kama unataka mkono wa mama, utapata mkono wa mama, ila mama hatajua ameutoa. Fikiria kama hilo linakutosha.

Na kuna hili. Hayo magauni, hata kabla sijayaona nimeyatambua. Wewe na Lovina mlipokuwa wasichana wa kazi kwa shangazi yake, kila Jumatatu mlikuwa mnaanika pamoja, wewe kijani, yeye zambarau. Nilikuwa nikipita na gari la farasi nawaona mnacheka. Nilidhani ni urafiki. Hapana, sikudhani, nilitaka uwe urafiki. Usihofu, siku ya kushona Lovina hatakuwepo. Ana mtoto mchanga, na mumewe Marlin hapendi atoke.

Verna

* * *

Pittsburgh, 3 Machi

Dada,

Nimeutuma. Bi Corrine ndiye aliyeandika anwani.

Uliniambia nifikirie kama inanitosha. Hainitoshi. Nimekubali kwa njaa, kama mtu anayekula makombo akijua karamu haikuandaliwa kwa ajili yake. Joanie ananiuliza kwa nini nimwibie mama yangu mishono wakati naweza kushona mwenyewe. Yeye mama yake humpigia simu kila Jumapili kumuuliza kama amekula.

Uwe mwangalifu.

Saloma

* * *

Plum Run, 30 Machi

Saloma,

Kaa chini kwanza.

Tumeshona jana. Tulikuwa wanawake tisa kuzunguka fremu ya kushonea kwenye sebule ya mama. Mke wa askofu, Bi Erma, alikuwa kama kawaida yake. Aliiangalia mishono yangu akasema kucha ya mguu ya Atlee itanasa humo usiku na atakwenda nayo hadi zizini. Wote wakacheka, na mimi pia, maana ni kweli nilikuwa nashona vibaya. Macho yangu yalikuwa kwa mama.

Kuhusu mama. Kabla hatujautandaza kwenye fremu aliuchukua, akaugeuza, akautazama kwa nyuma kwa muda. Kisha akasema tu kwamba mteja huyu ana mkono safi. Akaja na kiti chake akakaa upande wa dirishani, akisema siku hizi macho yanamsumbua, anataka mwanga. Kwa hiyo sehemu ya katikati imemwangukia yeye, karibu yote. Umepata ulichotaka, magauni yako ameyashona mama, na hajui kitu. Nilimtazama siku nzima. Uso wake ulikuwa vile vile kama anamenya viazi.

Sasa lile lingine. Lovina alikuja. Alifika amechelewa na mtoto mgongoni, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa mkabala na mama. Aliyaona magauni, akabaki ameshika sindano bila kuitia uzi. Bi Erma akamtania, akamwambia uzazi umemla akili. Akatia uzi. Alishona hadi saa ya chakula, akamchukua mtoto akaenda.

Labda hakuelewa. Ni magauni tu, kila mtu ana kijani na zambarau.

Nitautuma ukitolewa kwenye fremu na kupindwa ukingo.

Verna

* * *

Pittsburgh, 6 Aprili

Verna, dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi hadi Joanie akaninyang'anya. Mama ameyashona magauni! Nilikaa kwenye ngazi ya nje nikalia, jirani akaniuliza kama kuna msiba.

Na Lovina alielewa, Verna. Mkono wangu anaujua. Alishona, hakuinuka kukimbia. Unaona maana yake? Miaka yote hii nimedhani amenifuta, kumbe alikaa pale akashona kamba yetu mbele ya mke wa askofu. Je, alisema lolote? Alionekanaje? Bado anauma mdomo akifikiri? Niandikie hata kama ni neno moja.

Saloma

* * *

Pittsburgh, 19 Mei

Verna,

Nimekuandikia mara mbili tangu Aprili na hujanijibu. Mfarishi haujaja. Bi Corrine anauliza, naanza kumdanganya na yeye pia, nimekuwa hodari wa kazi hiyo, nimefundishwa na wewe.

Sasa naona. Uliogopa. Umeufungia kabatini chini ya mashuka na kila ukipita hapo unajiambia utautuma wiki ijayo. Au umemwambia Atlee, na Atlee amesema. Tangu utotoni ndivyo ulivyo, unanisukuma nipande juu ya ghala, halafu baba akitokea wewe ndiye wa kwanza kushuka. Sawa, baki na kofia yako nyeupe ya kanisa na jina lako zuri. Ila mishono ile ya mama ni yangu. Hicho ndicho kitu pekee cha nyumbani nilicho nacho, na wewe umekikalia.

Usiponijibu nitakuja mwenyewe, mchana kweupe, wote waone.

Saloma

* * *

Plum Run, 14 Juni

Saloma,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimetengwa.

Nimeiandika sentensi hiyo nikaitazama. Haya, nikueleze tangu mwanzo, usinikatize.

Lovina alimwambia Marlin wiki ile ile. Sijui alimwambia nini hasa. Marlin alikwenda kwa askofu, askofu akaja kwangu, nami sikukana. Niliulizwa kama nilijua kazi ni ya nani, nikasema nilijua. Jumapili nikapiga magoti mbele ya kanisa na kukiri kwamba nimewadanganya dada zangu wa imani wakahudumia kazi ya aliyetengwa. Wiki sita. Ningeweza kukuandikia kwa kujificha, lakini nilikuwa nimetoka kuahidi mbele ya Mungu kwamba nimeacha kujificha. Kwa hiyo barua zako nilizisoma na nikanyamaza. Ile ya ghala niliisoma nikiwa nimekaa peke yangu jikoni kwangu mwenyewe kwenye meza ndogo, maana aliyetengwa hali meza moja na wengine, watoto wangu wakinitazama kutoka ile kubwa. Ulinipata barabara.

Atlee sasa. Siku ya kwanza sikuruhusiwa hata kumpa sahani mkononi, naiweka mezani, naondoa mkono, ndipo anaichukua. Siku ya pili akaja, akaisukuma meza ndogo karibu na kubwa, akaacha nafasi ya upana wa kidole, akatandika kitambaa kimoja juu ya zote mbili. Akasema, "Meza ni mbili. Atakayebisha ainue kitambaa ahesabu." Usiniambie tena kwamba mume wangu chakula hakimshuki.

Mfarishi. Askofu aliamua kwamba kazi iliyopatikana kwa hila haiwezi kwenda hivyo, na kwamba kila mwanamke afumue alichoshona mwenyewe. Basi wakarudi kwa mama, sebule ile ile, fremu ile ile. Nilikuwa pale, nimewekewa kiti changu mbali. Hapakuwa na utani safari hii, Saloma. Mikasi tu. Nami nilifumua yangu. Lovina alifumua yake huku machozi yanadondoka kwenye kitambaa.

Mama aliwapa kahawa na pai. Bi Erma akamwambia mama naye aanze, katikati bado. Mama akasema leo macho hayaoni kitu. Bi Erma, kwa wema kabisa, akasema basi atamfumulia yeye. Mama akamjibu kwa upole, "Askofu alisema kila mtu afumue alichoshona mwenyewe. Tusiongeze maneno yake." Na hapo ikaisha, maana nani atabishana na neno la askofu mbele ya mke wa askofu? Yale macho yake yananitia wasiwasi, nitampeleka kwa daktari.

Wakati wa kuondoka Lovina alinifuata bandani nilipokuwa nafunga farasi. Alinisemesha ingawa hakutakiwa. Akasema, "Mwambie aanike gauni lake peke yake. La kwangu sikumpa." Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Anaishi hapa, Saloma. Wewe una Joanie na jumba la michezo. Yeye ana Marlin kila siku.

Mama mwenyewe ameufunga mfarishi, utaupata wiki hii. Sijui anaupeleka akiwa na hasira au vipi. Sijathubutu kuuliza.

Verna

* * *

Pittsburgh, 27 Juni

Dada yangu Verna,

Ile barua ya ghala ichome. Naomba radhi, na najua radhi haifuti meza ndogo. Wewe ulipanda juu kwa ajili yangu safari hii, na ni mimi niliyekuwa chini salama nikipiga kelele. Mwambie Atlee kwamba nimesema asante. Hata asipojibu, mwambie.

Mfarishi umefika. Niliutandaza kitandani nikafunga mlango. Pembeni kote hamna uzi hata mmoja, ni matundu ya sindano tu, safu kwa safu, ukiuinamisha kwenye mwanga unaona kila mtu alikokuwa amekaa. Na katikati mishono ya mama, midogo, imezunguka magauni yote mawili na kupita kwenye kibanio. Niliifuata kwa kidole kama kipofu.

Bi Corrine alipouona aliweka mkono kifuani. Anautaka hivyo hivyo, na matundu yake, na ubao pembeni wenye kisa chote: kanisa, askofu, wanawake waliofumua, na wale wasichana wawili. Anasema watu watalia. Nadhani ni kweli.

Nimekataa, Verna. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimekataa. Neno la Lovina haliniachi. Nilidhani nimeshona mimi ni nani, kumbe nilishona yeye ni nani na nikamtundika bila kumuuliza, mbele ya watu anaoishi nao. Nilimpenda, na bado nilimfanyia hivyo. Kulifumua gauni lake siwezi, maana mshono wa mama umepita humo humo. Kwa hiyo mfarishi hautakwenda ukutani kabisa. Nimeushonea pembeni mwenyewe, mbali na matundu yao, na tunaulalia.

Ukutani nitapeleka mwingine. Nimeuanza: kamba, gauni la kijani peke yake, upepo umelijaza, na vibanio viwili vyake lenyewe. Naogopa kuliko nilivyoogopa mara ya kwanza, kwa sababu safari hii hakuna mtu ninayemwita, na pembeni nitaandika jina langu lote. Joanie anasema huu ndio wa kwanza unaofanana na mimi. Halafu akaunguza mayai.

Nililotaka kwa mama nimelipata nusu. Mkono wake upo. Kama alijua ulikuwa unapita juu ya nini, sitajua kamwe, nami nitajizoeza kuishi na hilo.

Saloma

* * *

Plum Run, 2 Oktoba

Saloma binti yangu,

Mvua imetukawilia, lakini matufaha ni mengi. Tumesindika mitungi mpaka rafu zimejaa. Pacha wa ng'ombe wa Verna wanakua vizuri.

Verna amenipeleka kwa daktari wa macho. Daktari amesema macho yangu ni mazima, na mimi nilikuwa najua hivyo.

Wewe unatumia mkono wa kushoto. Dada yako nilimfundisha kushona akiwa amekaa ubavuni kwangu, lakini wewe ilibidi nikuweke mbele yangu, uso kwa uso, ndipo mikono yetu ifuatane. Mishono yako inalala upande usiolaliwa na ya mtu mwingine hapa. Nilipougeuza mfarishi ule kuangalia nyuma, nilijua ni wako kabla sijayatazama magauni.

Ningeweza kuukunja wakati ule ule. Nilichukua kiti cha katikati ili asikikalie mwingine. Nilipofika kwenye kibanio nikaelewa. Sikulipenda nililolielewa, Saloma. Niliendelea kushona.

Sitaandika ya kukufurahisha. Kanisa linasema umekosea, na mimi ni wa kanisa, nitazikwa nalo. Zamani nilikuwa naomba urudi. Sasa sijui niombe nini, kwa hiyo nikipiga magoti nataja jina lako tu na kuliacha hapo. Verna alikiri kosa lake na limekwisha. La kwangu sijalikiri. Mtu hawezi kukiri jambo asilolijutia, hivyo kila Jumapili naingia nalo na kutoka nalo, na ni zito.

Verna anasema hukuutundika ule mfarishi, mnaulalia. Vyema. Mfarishi ni wa kulalia.

Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao nitakuwa nyumbani peke yangu na kuku wa kuoka. Nimeona alivyofanya Atlee, na nina meza mbili. Kitambaa changu kikubwa kinatosha. Huyo mwenzako sijasema uje naye, na sijasema usije naye. Hakubatizwa kwetu, kanisa halina neno naye. Akija atakaa meza kubwa pamoja nami. Asiguse mayai.

Chakula nitakupakulia mimi. Kukupa sijakatazwa, nimekatazwa kupokea. Nakujua, utaona aibu kufika kwa mama yako bila kitu, utanunua sabuni njiani. Usinunue. Nitalazimika kukurudishia mbele ya macho yako, na nguvu ya kukurudishia vitu imeniisha.

Njoo mikono mitupu.

Mama yako,
Mattie Hostetler